Pesa za Bima Zinakwenda Wapi?

Ikifika mwisho wa Januari, aliyeajiriwa Marekani anakuwa ameshaletewa karatasi ya W-2, ile inayoonyesha mshahara wa mwaka mzima na kodi iliyokatwa. Wengi huangalia kisanduku cha kwanza, wakaona walicholipwa, kisha wakaikimbiza kwa mtu wa kuwajazia marejesho ya kodi. Ukiteremka hadi kisanduku namba 12, hasa kwa wanaofanya kazi kwenye kampuni kubwa, utakuta herufi mbili, DD, na mbele yake kiasi cha fedha. Kwa mwenye familia kiasi hicho kinaweza kupita dola 20,000. Hakitozwi kodi, hakiingii benki, wala hakimdai mtu kufanya lolote. Ni gharama nzima ya bima yake ya afya kwa mwaka uliokwisha: fungu alilokatwa yeye na fungu alilotoa mwajiri, yamejumlishwa.

Shirika la utafiti la KFF, ambalo huwahoji waajiri kila mwaka, lilikuta kwamba mwaka 2024 bima ya familia inayopatikana kazini iligharimu wastani wa dola 25,572. Mfanyakazi alikatwa dola 6,296 kati ya hizo, na zilizobaki zikalipwa na mwajiri. Watu wapatao milioni 154 wanatibiwa kwa utaratibu huu. Na wanauchumi wengi wanakubaliana kwamba hata lile fungu la mwajiri, mwisho wa hesabu, hutoka kwenye jasho la mfanyakazi, kwa kuwa ni fedha ambazo zingeweza kuwa mshahara.

Mkenya anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara anajua zinakwenda Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mtumishi wa umma Tanzania anajua kwamba asilimia 3 yake na asilimia 3 ya mwajiri zinaingia mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF. Marekani haina mfuko mmoja wa namna hiyo kwa walio kazini. Kila mwajiri huunda mpango wake, akachagua kampuni ya bima, wakala na msimamizi wa malipo ya dawa anayemtaka. Mipango ya afya ya waajiri binafsi inapita milioni 2. Nani basi anayejua fedha zote hizo zimetumikaje? Jibu la sheria ni kwamba waajiri wapeleke taarifa serikalini kila mwaka, na mfanyakazi mwenyewe awe na haki ya kuzisoma.

Haki hiyo haikushuka kama mvua. Ilitokana na watu kuumizwa.

Mwaka 1929, mjini Dallas, hospitali ya Baylor ilikubaliana na walimu wa shule kwamba kila mmoja atoe senti 50 kwa mwezi, na akiugua alazwe hadi siku 21 bila malipo mengine. Mbegu hiyo ilikua haraka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sheria ya mwaka 1942 ilizuia mishahara kupanda, lakini mafao ya bima hayakuhesabiwa kuwa mshahara, kwa hiyo viwanda vilivyokosa mikono vikawavutia watu kwa kuwaahidi matibabu. Mwaka 1954 Bunge la Marekani likaandika wazi katika sheria ya kodi kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima ya afya hautozwi kodi. Tangu hapo bima na ajira vikawa pete na chanda.

Palipo na asali, nyuki hawakosi. Katikati ya miaka ya 1950, Seneta Paul Douglas wa Illinois aliongoza uchunguzi wa mifuko ya mafao ya wafanyakazi. Yaliyofichuliwa yalitia uchungu: mawakala wa bima waliojichotea kamisheni nono, na wasimamizi waliogeuza mifuko ya watu kuwa mali yao. Mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya kwanza ya kulazimisha mipango hiyo itoe taarifa. Waliotunga sheria hiyo waliamini kwamba mfanyakazi akioneshwa hesabu, atailinda mali yake mwenyewe. Lakini hesabu zilikuwa finyu na serikali haikuwa na meno ya kutosha.

Pigo lililoamsha nchi nzima lilitokea Desemba 1963, kampuni ya magari ya Studebaker ilipotangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, jimbo la Indiana. Mfuko wa pensheni haukuwa na fedha za kuwatosha wote. Maelfu ya watu waliokuwa wameitumikia kampuni hiyo kwa miaka mingi walipewa takriban asilimia 15 tu ya walichostahili, na wengine waliondoka mikono mitupu. Seneta Jacob Javits wa New York alipigania sheria mpya kwa miaka, hadi Septemba 2, 1974, Sikukuu ya Wafanyakazi, Rais Gerald Ford alipotia saini sheria inayojulikana kwa kifupi chake, ERISA.

ERISA ilizaliwa kwa kilio cha pensheni, lakini ilikumbatia pia mipango ya matibabu. Ndiyo maana hadi leo bima ya mfanyakazi wa kampuni binafsi Marekani inalindwa na sheria iliyoandikwa kwa ajili ya wazee wa kiwanda cha magari.

Mtoto mkubwa wa sheria hiyo ni Fomu 5500, taarifa ya mpango ya kila mwaka. Mpango wa afya wenye wanachama 100 au zaidi siku ya kwanza ya mwaka wake lazima uijaze. Wanaohesabiwa ni wafanyakazi waliojiandikisha, pamoja na waliokwisha kuacha kazi ila bado wanalipia bima hiyo. Wake, waume na watoto hawahesabiwi. Mwisho wa kuiwasilisha ni siku ya mwisho ya mwezi wa saba baada ya mwaka wa mpango kuisha, kwa hiyo kwa wanaofuata kalenda ya kawaida ni Julai 31. Anayehitaji muda zaidi hujaza fomu nyingine fupi kabla ya siku hiyo, akasogezwa mbele miezi miwili na nusu, hadi Oktoba 15. Tangu taarifa za mwaka 2009, zote hutumwa kwa njia ya kompyuta, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitafuta kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi na kuzisoma bure.

Hebu tuifungue moja. Ukurasa wa kwanza una jina la mwajiri, jina la mpango na namba yake. Namba peke yake inatoa siri: mipango ya pensheni huanzia 001, na ya matibabu na mafao mengine huanzia 501. Mbele kidogo kuna alama za mafao: 4A ni afya, 4B bima ya maisha, 4D meno, 4E macho. Pia pana idadi ya wanachama mwanzoni mwa mwaka na mwishoni. Anayesaini hufanya hivyo akijua kwamba kusema uongo humo ni kosa la jinai.

Utamu uko kwenye Kiambatisho A, kinachojazwa kwa kila mkataba wa bima. Kinaanza na jina la kampuni ya bima na idadi ya watu inaowahudumia. Mstari wa pili unajumlisha kamisheni na ada zilizolipwa kwa mawakala. Chini yake kila wakala anatajwa kwa jina na anwani, na mbele ya jina lake ni kiasi alichopokea. Kisha yanafuata malipo yote ya bima ya mwaka ule. Mtu akigawanya kiasi hicho kwa idadi ya watu, anapata gharama ya kichwa kimoja, na anaweza kuilinganisha na ya mwaka uliotangulia. Mwishoni kuna swali fupi lenye uzito: je, kampuni ya bima ilikataa kutoa taarifa yoyote iliyohitajika? Mwajiri hujibu ndiyo au hapana, na akisema ndiyo, anataja ni taarifa gani. Kile Seneta Douglas alichokitafuta kwa wito wa Bunge, leo kimekaa kwenye ukurasa ambao hata kijana wa sekondari anaweza kuusoma akiwa nyumbani kwao.

Asiyewasilisha hubanwa. Mwaka 2025 Wizara ya Kazi iliweza kutoza zaidi ya dola 2,700 kwa kila siku ya kuchelewa. Lakini imeacha mlango wa toba: mwajiri anayejisalimisha kabla hajaandikiwa na wizara hulipa dola 10 kwa siku, na kwa mpango mkubwa hazizidi dola 2,000 kwa taarifa moja. Tofauti hiyo imewaokoa wengi waliokuwa hawajui hata kwamba fomu hiyo inawahusu.

Fomu 5500 si peke yake. Afisa utumishi wa kampuni ya Marekani anaishi na kalenda yenye alama nyekundu. Mwaka ukianza, ana siku 60 za kuiarifu idara inayosimamia Medicare, bima ya wazee, kama dawa zinazolipiwa na mpango wake zinalingana na zile za serikali. Machi 31 ni zamu ya fomu za kodi. Juni 1 ni taarifa ya dawa. Julai 31 inaleta vitu viwili: Fomu 5500 na, kwa mwajiri anayelipia matibabu kutoka mfukoni mwake, ada ya dola chache kwa kila kichwa inayogharamia utafiti wa tiba. Septemba 30 ni muhtasari kwa wafanyakazi. Kabla ya Oktoba 15 ni barua kwa wanaostahili Medicare. Desemba 31 ni tamko kuhusu mikataba. Karatasi moja inakwenda Wizara ya Kazi, nyingine mamlaka ya kodi, nyingine Wizara ya Afya, na kila ofisi ina lango lake la kompyuta na nywila yake.

Zile za Machi zinatokana na sheria ya afya iliyosainiwa na Rais Barack Obama Machi 23, 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote lazima awape bima inayofaa na isiyowaelemea, na lazima athibitishe hilo kwa mamlaka ya kodi. Wa muda wote ni yule anayefanya kazi wastani wa saa 30 au zaidi kwa wiki. Kila mmoja wao anajaziwa Fomu 1095-C, mwezi baada ya mwezi, kwa alama za siri kama za posta. Kwenye mstari wa 14, alama 1E inasema mfanyakazi alipewa nafasi ya bima yeye, mwenzi wake na watoto. 1H inasema hakupewa kabisa. Mstari wa 15 unaeleza angelipa kiasi gani kwa mwezi kwa bima nafuu kuliko zote ya yeye peke yake. Kwenye mstari wa 16, 2C maana yake aliikubali na kujiandikisha.

Alama moja ikikosewa, gharama yake si mchezo. Tuseme kampuni ina wafanyakazi 100 wa muda wote, na fomu zinaonyesha kuwa 94 ndio waliopewa nafasi ya bima. Sheria inataka angalau asilimia 95. Akitokea mmoja tu kati ya wote aliyepata ruzuku ya serikali kununua bima sokoni, adhabu haihesabiwi kwa wale sita waliosahauliwa. Inahesabiwa kwa wote 100, wakiondolewa 30 wa mwanzo. Kwa kiwango cha mwaka 2025, dola 2,900 kwa kila mmoja, watu 70 ni dola 203,000. Barua ya kudai fedha hizo ina namba yake, 226J, na wahasibu wanaijua kwa namba hiyo kama watu wanavyojua jina la ugonjwa. Sheria mbili zilizosainiwa Desemba 2024 zimelegeza kamba kidogo: mwajiri sasa ana siku zisizopungua 90 za kujibu badala ya 30, na anaweza kumpa mfanyakazi fomu yake pale tu anapoiomba, mradi awe ameweka tangazo la kuwajulisha wote. Nakala ya serikali bado inakwenda kama kawaida.

Kwa karatasi nyingi hivyo, mtu angedhani kila senti inaonekana. Haionekani, na hapo ndipo penye jambo la kusikitisha.

Kwanza, mipango yenye wanachama chini ya 100 mara nyingi husamehewa Fomu 5500. Mipango ya serikali na ya makanisa iko nje ya ERISA kabisa. Lakini tundu kubwa zaidi liko kwa makampuni makubwa yenyewe. Kwa takwimu za KFF za mwaka 2024, asilimia 63 ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wako kwenye mipango ambayo mwajiri anajibebea mzigo mwenyewe: hanunui bima, analipa bili za hospitali kutoka kwenye fedha zake, na kampuni ya bima anaikodi tu kusimamia makaratasi. Mpango wa namna hiyo, ukiwa hauna mfuko wa pembeni, huwasilisha kurasa chache tu za mbele. Kwa kuwa hakuna mkataba wa bima ya afya, Kiambatisho A cha matibabu hakipo. Hesabu za malipo kwa msimamizi nazo hazidaiwi. Kampuni ya watu 150 inayonunua bima inaanika kamisheni ya wakala wake hadi dola ya mwisho. Kampuni ya watu 80,000 inayojilipia inaweza kupita na jina, namba na alama ya 4A.

Mwaka 2016 Wizara ya Kazi ilipendekeza kiambatisho kipya, J, ambacho kingeidai mipango ya afya, mikubwa na midogo, ieleze mafao yake na jinsi inavyolipa madai ya wagonjwa. Waajiri walilalamika kuhusu gharama, na pendekezo hilo halikupitishwa.

Mwaka huohuo majimbo nayo yalifungiwa mlango. Jimbo dogo la Vermont lilikuwa limeanzisha hifadhi ya takwimu za madai yote ya matibabu, ili lijue upasuaji fulani unagharimu kiasi gani katika hospitali hii na ile. Kampuni ya Liberty Mutual ilikuwa na mpango wa kujilipia uliohudumia watu zaidi ya 80,000 nchi nzima, na 137 tu kati yao walikuwa wanachama walioko Vermont. Ilikataa kutoa takwimu zao. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Machi 1, 2016, majaji sita dhidi ya wawili waliamua kwamba jimbo haliwezi kuudai mpango wa ERISA taarifa za aina hiyo. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba kutoa taarifa ni sehemu ya moyo wa usimamizi wa mpango, na hilo ni la serikali kuu. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akiungwa mkono na Jaji Sonia Sotomayor. Hivyo serikali kuu ina mamlaka ya kuuliza lakini inauliza machache, na majimbo yaliyotaka kuuliza mengi hayana mamlaka hayo.

Bunge lilijaribu kuziba sehemu ya tundu hilo kwa sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa Desemba 27, 2020. Hapo ndipo ilipotoka taarifa ya dawa ya kila Juni 1, na hii haimsamehe mwajiri anayejilipia. Inataja dawa 50 zenye jina la kibiashara zinazotolewa mara nyingi zaidi, dawa 50 zilizogharimu fedha nyingi zaidi, na dawa 50 ambazo gharama zake kwa mpango zimepanda kuliko nyingine, pamoja na marupurupu ambayo viwanda vya dawa huwarudishia wasimamizi wa malipo ya dawa. Sheria hiyohiyo ilipiga marufuku vifungu vya kufunga midomo, yaani maneno ya mikataba yaliyomzuia mwajiri kuona bei ambazo bima ilikubaliana na hospitali. Kila Desemba 31, kuanzia mwaka 2023, mpango lazima utamke serikalini kwamba hauna vifungu hivyo. Inashangaza kwamba ilihitajika sheria ili mlipaji aruhusiwe kujua bei ya anachokilipia.

Kwa wasomaji wa Kiswahili habari hii inagusa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Viwanda vya nyama, maghala na nyumba za kutunzia wazee huko Iowa, Kentucky, Ohio na Texas vina wafanyakazi wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Kila mpango ulionunua bima na unaopaswa kuwasilisha Fomu 5500 lazima uwape wanachama wake muhtasari wa mwaka, wenye jina la kampuni ya bima, jumla ya malipo, na maelezo ya jinsi ya kupata taarifa kamili. Kanuni zimewafikiria pia wasiosoma Kiingereza. Katika mpango wa watu chini ya 100, robo yao wakiwa wanasoma lugha moja tu isiyo Kiingereza, muhtasari lazima ubebe tangazo kwa lugha hiyo, likieleza msaada utapatikana wapi. Kwa mipango mikubwa kiwango ni watu 500 au asilimia 10, ile iliyo ndogo. Kwenye kiwanda chenye wanachama 300, Waswahili 30 wasiojua kusoma Kiingereza wanatosha. Sheria haikuitaja lugha yoyote kwa jina. Kiswahili kina nafasi sawa na Kihispania au Kichina.

Na wale ambao mwajiri wao anajilipia, ambao muhtasari huo hauwafikii? Kwao imebaki njia ya kuandika barua. ERISA inampa kila mwanachama haki ya kumwandikia msimamizi wa mpango, ambaye jina lake liko kwenye kijitabu cha mafao, na kuomba nakala ya Fomu 5500 ya karibuni, kijitabu chenyewe na mikataba inayouendesha mpango. Gharama ya kunakili haiwezi kuzidi senti 25 kwa ukurasa. Msimamizi ana siku 30. Zikipita kimya, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku inayofuata, na fedha hizo anazilipa kwa aliyeomba.

Barua yenyewe haizidi mistari mitano: jina la mwombaji, jina la mpango, namba yake ya 501 au inayofuata, mwaka unaotakiwa, na tarehe. Inafaa itumwe kwa njia inayoacha stakabadhi. Iliyopokelewa Oktoba 1, siku yake ya 30 ni Oktoba 31.